Siku Niliyomwita Mtani Wangu Baba

Mimi naendesha foklifti vizuri. Nalisema hili mapema na bila haya, maana nimewasikia wanaume wakijisifu kwa mambo madogo kuliko hilo na hakuna aliyewauliza. Nikipewa njia iliyobakiza kiganja kimoja kila upande, napita. Nikipewa paleti, yaani kile kitanda cha mbao kinachokaliwa na mzigo, ikiwa na magunia kumi na mawili ya korosho, naipandisha juu ya paleti nyingine mbili na kuiacha pale imetulia, wala husikii kishindo. Hapa Mtwara tunaoweza kufanya hivyo msimu mzima bila kuchubua ukuta tuko wachache.

Hata hivyo, mwaka juzi nilikaribia kumuua mtu. Tena si mtu wa mbali. Ni mzee mmoja ninayempenda, na nusura afe mbele ya macho yangu huku akinicheka.

Ghala letu liko upande wa bandarini. Kuanzia mwezi wa kumi malori yanaleta korosho ghafi kutoka vijijini, yanapanga foleni mpaka barabarani, na madereva wanapiga honi kana kwamba honi ndiyo inayoshusha mzigo. Makuli wanashusha magunia, ngata kichwani, wanayapanga juu ya paleti. Mimi nachukua paleti kwa yale meno mawili ya chuma yaliyo mbele ya mashine, naingia nayo ndani, naipanga. Ndiyo kazi yenyewe. Ukiieleza ni fupi, ukiifanya unarudi nyumbani Chuno na vumbi la magunia mpaka kwenye kope.

Mwalimu wangu wa chuo cha ufundi alikuwa mkali na nilimpenda kwa hilo. Siku ya kwanza alituambia tusahau gari. Gari hukata kona kwa magurudumu ya mbele, foklifti hukata kwa ya nyuma, kwa hiyo unapogeuza, mkia wake unatoka nje na kumfagia mtu aliyesimama ubavuni akidhani yuko salama. Alitufanya tuzunguke mapipa matupu wiki nzima. Anayegusa pipa anashuka, anaomba radhi kwa pipa. Wenzangu waliona ni mchezo. Mimi niliomba radhi mara mbili tu, halafu sikurudia tena.

Nilipoanza kazi ghalani nilikuta mambo ya ajabu. Watu walidandia mashine kama wanavyodandia bodaboda. Mzigo ukiwa mzito na nyuma ikaanza kunyanyuka, makuli wawili walikwenda kukalia mkia ili kuongeza uzito. Nilikataa yote. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka kubwa Chikongola, mtu anayeheshimika, alikuja na bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kutoa korosho chache za kukagua. Akataka nimpandishe kwenye meno ya mashine akachome magunia ya juu kabisa. Nilizima injini. Nikamwambia, "Bosi, mimi nabeba magunia, watu sibebi." Nikamshushia paleti nzima mpaka chini, akachoma alipotaka. Alinuna tangu mwanzo mpaka mwisho, na msimu uliofuata alipokuja aliniuliza mwenyewe asimame wapi.

Kwa hiyo walizoea. Walijua kwamba meno yakiwa juu hakuna anayepita chini yake. Walijua kwamba nikibeba mzigo unaoniziba macho naendesha kinyumenyume, na aliyeko nyuma yangu aondoke. Nikishuka, ufunguo nashuka nao mfukoni. Waliniita dada, na nikisema simama, walisimama.

Aliyebaki ni mmoja, na huyo ndiye mkuu wa makuli.

Ni mzee wa kutoka upande wa Masasi, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya kusikika nje ya geti. Kabila lake na langu ni watani. Kwa aliyekulia kwetu hilo linatosha, lakini nitalieleza kidogo. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuchukua chakula chako akala. Mkifiwa, yeye ndiye anayekuja msibani kufanya vituko, anamwigiza marehemu alivyotembea na alivyokuwa akibana matumizi, analizuia jeneza mpaka apewe chochote, na watu waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka. Huwezi kumfukuza. Ni haki yake, na ni deni unalomlipa siku ukienda kwao.

Tulianza utani dakika ile ile aliponiuliza kwetu ni wapi nikamjibu Kitaya, kando ya mto Ruvuma.

"Kitaya ya mtoni?" alisema. Yeye hutamka kama watu wengi wa kwao. "Basi ntani wangu huyu. Mungu mkubwa. Nimepata ntu wa kunizika."

"Nitakuzika wima," nikamwambia, "kwa sababu kaburi la kulala kwa ufupi wako ni kupoteza nguvu za watu."

Makuli walicheka mpaka wakaweka magunia chini. Tangu hapo haikupita asubuhi bila maneno. Nikifika namkuta ananiuliza kwa sauti kama nimeandika wosia. Nami namwambia ubwabwa wa msiba wake nimeshauota mara tatu, kilichobaki ni yeye kutimiza wajibu. Alikula samaki wangu wa kukaanga mara nyingi kuliko nilivyowala mimi. Nilimficha kandambili zake kwenye sanduku la vifaa vya kuzimia moto, akatembea peku mpaka saa ya chakula. Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia miaka ile.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na nalieleza lote bila kujitetea.

Yeye alikuwa na mchezo. Akiniona nakuja na mashine tupu, anasimama katikati ya njia, anapanua mikono, anapaza sauti, "Nigonge basi! Nigonge twende tukale!" Nami badala ya kuzima injini kama ningemfanyia mtu mwingine yeyote, nilikuwa nampigia honi. Piii, piii, piii. Nakwenda polepole mpaka namkaribia hatua tatu, mbili, nasimama. Yeye hajatikisika. Anaipiga mashine kofi kwenye chuma, anasema, "Woga umekushika, ntani," anaondoka. Watu wanacheka, na mimi nacheka kuliko wote.

Nilikuwa na uhakika na breki zangu. Mpaka leo nina uhakika nazo. Sikufikiria kwamba kila honi niliyompigia ilikuwa inamfundisha kitu. Yule mfanyabiashara mwenye bambo akisikia honi yangu anaruka pembeni. Mtani wangu akiisikia anapanua mikono. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunza hivyo, siku baada ya siku, msimu mzima, kwa sababu nilipenda kusikia watu wakicheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya pilikapilika. Malori yalikuwa mengi kuliko kawaida na wingu lilikuwa limefunga upande wa baharini, na korosho ghafi ikilowa imeharibika. Kila mtu alikimbia. Makuli walipanga magunia kwenye paleti upesiupesi, yote yakiangalia upande mmoja, badala ya kuyapishanisha jinsi fundi anavyopishanisha matofali ili yashikane. Kwa kawaida huwa naizunguka paleti kwa miguu kabla ya kuibeba. Siku ile niliitazama kwa mbele tu, nikaona iko sawa, nikaichukua.

Nilifika mahali pake ndani. Nikasimamisha mashine, nikaanza kupandisha. Mzigo ukapita usawa wa kichwa, ukapita paleti ya kwanza, ukaikaribia ya pili. Hapo ndipo nilipoliona gunia la pembeni, la juu kabisa upande wa kulia, limeanza kuteleza. Liliteleza taratibu sana. Nikaacha kupandisha palepale.

Na chini yake alikuwepo yeye.

Alikuwa ameinama anaokota korosho. Gunia fulani lilikuwa limetoboka mapema, zikamwagika punje chache sakafuni, na mzee yule amezaliwa na kulelewa kwenye mikorosho. Hawezi kuiona korosho chini akaipita. Nimemwona akisimamisha maongezi na meneja ili aokote korosho moja. Alikuwa ameingia kutokea nyuma ya marundo, upande nisiouona, na sasa alikuwa pale, mgongo juu, anaziokota moja moja na kuzitia mfukoni mwa koti lake la kazi.

Nikapiga honi. Nikaibana kabisa.

Akanyanyua kichwa, akaniona, akatabasamu. Akasimama wima na kupanua mikono.

"Mtani, toka!" nikapiga kelele. "Gunia linaanguka! Toka hapo!"

"Liangushe!" akajibu, meno yote nje. "Liangushe tule ubwabwa! Jamani, ntani wangu leo ananizika!"

Nyuma yake makuli wakaangua kicheko. Nawaelewa. Wangejuaje? Ni maneno yale yale, honi ile ile, mzee yule yule kasimama vilevile. Ningekuwa mmoja wao ningecheka pia.

Wasiojua mashine huniuliza kwa nini sikurudi nyuma. Mzigo ukiwa juu, ukirudi nyuma ghafla unautikisa wote, na hapo lisingeanguka gunia moja, yangeanguka yote juu yake. Kushusha nako kunatikisa. Niliulaza mzigo nyuma kidogo, upande wangu, kwa kijiti cha mkono, kidogo sana, na lile gunia likasita. Nilijua halitasita muda mrefu. Nilikuwa nimefanya kila ambacho dereva mzuri anaweza kufanya, na dereva mzuri nilikuwa, na bado mtu alikuwa amesimama chini ya gunia la kilo themanini akinichekea.

Niliogopa. Nilikuwa sijawahi kuogopa kwenye kiti kile.

Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema, "Baba. Baba, ondoka. Nakuomba, baba yangu."

Sikupaza sauti. Nadhani nilisema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizotumia siku ile. Lakini kwa miaka yote tuliyofahamiana sikuwahi kumwita hivyo. Nilimwita marehemu mtarajiwa, nilimwita mfupi wa Masasi, nilimwita mwizi wa samaki. Mtani humwiti baba. Ukimwita baba umemheshimu, na ukimheshimu maana yake hakuna mchezo tena.

Tabasamu likamtoka usoni. Hakuuliza, hakutazama juu. Alipiga hatua mbili ndefu pembeni, na gunia likashuka.

Lilipasuka pale alipokuwa. Kishindo chake kilinyamazisha ghala zima, hata madereva wa nje. Korosho zilitawanyika mpaka kwenye magurudumu yangu. Kandambili yake moja ilikuwa imebaki chini ya gunia, na yeye alisimama na mguu mmoja peku, anaitazama.

Nilishusha mzigo polepole mpaka chini. Nikavuta breki ya mkono, nikazima, nikatoa ufunguo. Nilikwenda kwa meneja kwa miguu yangu mwenyewe na kumwambia kilichotokea, pamoja na ile michezo yangu ya honi, na kwamba sikuizunguka paleti. Alitaka kuandika kwamba mzee ni mkaidi. Nilimwambia aandike kwamba dereva aliichezea honi. Akaandika. Siku ile sikuendesha tena, wala hakuna aliyeniomba.

Mtani wangu alinikuta nje, nimekaa kwenye ngazi za ofisi. Alikuwa ameipata kandambili yake na ameivaa, mkanda umekatika, anaiburuza. Nilidhani anakuja kunishukuru. Alikuja na hasira.

"Kwa nini umeniita baba mbele za watu?"

Sikuamini masikio yangu. "Ulitaka nikuiteje?"

"Mimi ni ntani wako. Sasa wale wote wamesikia. Umenivunjia utani. Kesho nitakutania vipi, mwanangu?" Alilitamka hilo mwanangu kwa uchungu kana kwamba kuna mtu kamlazimisha.

Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia kweli, kinyume cha mila zote. Nikasimama.

"Ungekufa," nikamwambia. "Ungekufa chini ya meno yangu. Tungekupeleka kwenu Masasi, na ndugu zako wangekaa mkekani wanamsubiri mtani aje awachekeshe, maana ndivyo ilivyo. Mimi ningeingia vipi? Niambie. Ningeingia na vituko gani, ilhali mimi ndiye niliyekuua? Ungezikwa bila mtani, na kosa lingekuwa langu."

Nilikuwa nalia na sikujali nani anaona. Makuli walikuwa wamesimama mlangoni.

 Mzee alikaa kwenye ngazi, akatoa zile korosho mfukoni, akazishika tu. Moja ikamponyoka ikaanguka chini, hakuiokota, na hapo nikatambua kwamba hofu ilikuwa imemshika tangu gunia lilipoanguka, na kwamba ile hasira ndiyo iliyokuwa imemsaidia kutembea mpaka pale nilipokuwa.

"Sikulitazama," alisema mwishowe. "Ulivyoniita hivyo nilijua. Sikuhitaji kutazama."

Siku tatu zilizofuata zilikuwa salama kuliko zote nilizowahi kufanya kazi, na nilizichukia. Honi yangu haikulia ila kwenye kona. Njia ilikuwa nyeupe. Magunia yalipishanishwa vizuri na niliizunguka kila paleti. Mzee alinisalimia asubuhi, "Salaam aleikum," nami nikaitikia, na hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu mpaka jioni. Samaki wangu nilimla peke yangu, wala hakuwa na ladha. Nilianza kufikiri kwamba labda ndivyo inavyotakiwa, kwamba huwezi kumlinda mtu na kumtania kwa wakati mmoja, na nilihuzunika sana.

Siku ya nne, kabla sijawasha, alikuja akasimama kando ya kiti changu. Makuli wote walikuwa nyuma yake. Ni wazi walikuwa wameshalizungumza.

"Sikiliza," alisema. "Injini ikiwaka, mimi ni baba yako. Niite hivyo, na nitakwenda utakapo. Hawa nao wamesikia. Honi yako ni ya hatari tu, atakayeichekea nampiga mimi. Lakini ukizima," akainua kidole, "ukizima, nirudishie utani wangu. Wote. Usinibakizie heshima hata kidogo."

Nikasema sawa. Nikawasha. Paleti ya kwanza ilikuwa imeshapangwa inanisubiri. Niliibeba mpaka mahali pake, nikasimama, nikamwona yuko karibu kuliko nipendavyo.

"Baba," nikamwambia, "rudi nyuma."

Alirudi, na makuli wote wakarudi pamoja naye, hakuna aliyecheka. Nikapandisha, nikaweka, nikatoa meno bila kugusa kitu. Nikashusha. Nikazima, nikavuta ufunguo.

Alikuwa ameshafika. Aliegemea mashine, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, halafu akageukia watu wake.

"Jamani, hii kazi safi mno," alisema kwa sauti ya kusikika nje ya geti. "Huyu sidhani kama ndiye yule wa Kitaya aliyeajiriwa hapa. Yule wetu nadhani mamba wa Ruvuma alishamla siku nyingi, huyu ni mamba mwenyewe amevaa ovaroli."

Nilimwambia mamba wa kwetu anachagua chakula, mfupi wa Masasi angemtapika. Kisha nikainamisha paji la uso kwenye usukani na kucheka mpaka nikashindwa kupumua, na yeye akabaki pale pembeni, mzima, akinitukana.